Tusinunue Mashine Bubu

Kila mfanyakazi ajua kwamba chombo cha kazi hakihukumiwi kwa rangi yake. Jembe huhukumiwa kwa makali na mpini. Cherehani huhukumiwa kwa mshono. Lakini inapofika zamu ya kompyuta, mashine ambayo leo imo katika shule zetu, katika ofisi za vyama vya wafanyakazi, katika maghala ya vyama vya ushirika na katika zahanati, tumejizoeza kutazama sanduku tu: ni jipya au ni kuukuu, lina kioo kikubwa au kidogo, lagharimu shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo sisi twaliona kuwa la kwanza: mashine hii ikiwashwa bila diski wala flashi, yaweza kuita kwa waya wa mtandao na kuomba kazi? Ikiwa haiwezi, basi hiyo ni mashine bubu. Nasi twasema leo, bila kumung'unya maneno, kwamba mashine bubu zisinunuliwe kwa fedha za umma.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, na ya kwamba gazeti la Chama lina mazito zaidi ya kuandika. Hatukubaliani nao. Hili ni jambo la fedha za wananchi, la saa za kazi za wafanyakazi, na la nani mwenye amri juu ya chombo kilichonunuliwa. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yanayoihusu meza yetu. Basi twaomba tuvumiliwe kidogo, tueleze jinsi mambo yalivyo.

Kompyuta inapowashwa haijui kitu. Mfumo wake wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoziamuru programu nyingine zote, umelala ndani ya diski. Anayeuamsha ni programu ndogo iliyopachikwa na mtengenezaji katika chipu ya ubao mkuu, ambayo mafundi wetu huiita programu dhibiti. Hiyo ndiyo huamka kwanza, hupima kumbukumbu, hutazama kibodi na kioo, kisha hutafuta mahali pa kuuchukua mfumo. Desturi ya wengi ni kuutafuta katika diski ya ndani. Lakini iko njia ya pili. Programu dhibiti huiamsha kadi ya mtandao na kupiga mbiu katika waya: mimi ni fulani, sina anwani, sina mfumo, ni nani atakayenipa? Seva iliyo zamuni huijibu kwa itifaki iitwayo DHCP, huipa anwani, na huitajia faili la kuanzia na mahali lilipo. Mashine hulichukua faili hilo, kwa kawaida kwa itifaki iitwayo TFTP, hulitia katika kumbukumbu na kulitekeleza. Nalo faili hilo huvuta kiini cha mfumo pamoja na yote yanayobaki. Punde si punde mfanyakazi huona kioo chake kama siku zote, wala hana habari kwamba ndani ya sanduku lake hamna diski.

Angalieni, ndugu, ufunguo wa shauri hili ulipo. Seva yaweza kuwa bora, waya mpya, na fundi hodari. Lakini mbiu ya kwanza sharti ipigwe na mashine yenyewe, tena kabla haijapokea programu yoyote kutoka nje. Ikiwa mtengenezaji hakuitia kazi hiyo katika programu dhibiti, au aliitia kisha akaifunga kwa nywila, hapana ujanja wa seva utakaoiponya. Hakuna awezaye kufundishwa kuita kwa barua ambayo hawezi kuipokea mpaka aite.

Jambo hili si geni wala si la majaribio. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ya California iliuza mashine za kazi zisizo na diski, kwa kuwa diski zilikuwa ghali mno, na mashine hizo zilipata mfumo wao kwa waya. Septemba 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa Sun walitoa itifaki iitwayo BOOTP, ambayo ndiyo mzazi wa DHCP, nao waliifanya iwe nyepesi ili ipate kuenea ndani ya chipu ndogo. Katika miaka ya 1990 kadi nyingi za mtandao ziliuzwa zikiwa na tundu tupu la chipu; fundi aliyetaka mashine yake iite alitafuta chipu, akaichoma programu na kuipachika kwa mkono wake. Mradi wa Etherboot ulizaliwa katika kazi hiyo, na mjukuu wake, iPXE, uliojitenga mwaka 2010, watumika mpaka leo. Mwaka 1999 kampuni ya Intel ilitangaza toleo la 2.1 la kanuni iitwayo PXE, na tangu hapo watengenezaji wakubwa wakaanza kuiweka kazi hiyo tayari kiwandani. Aprili 2015 kanuni ya UEFI, toleo la 2.5, iliongeza njia ya kuchukua mfumo kwa HTTP, itifaki ile ile inayoleta kurasa za intaneti. Kwa hiyo muuzaji atakayetuambia leo kwamba tunaomba maajabu, huyo ama hajui biashara yake, ama adhani sisi hatuijui.

Ili wasomaji wetu waone kwamba hatusemi kwa nadharia, tuitazame mashine ndogo iitwayo Raspberry Pi, inayotoka Cambridge, Uingereza, na ambayo imetumika sana mashuleni kwa sababu ya bei yake nafuu. Mashine za kwanza na za pili za aina hiyo hazikuwa na uwezo wa kuita mtandaoni kwa nguvu zao wenyewe. Ilibidi zitiwe kadi ndogo ya kumbukumbu yenye faili la kuanzia. Mashine ya tatu ilitoka Februari 2016, na Agosti ya mwaka huo watengenezaji wakatangaza kwamba sasa yaweza kuamka kwa mtandao. Mwenye mashine alitakiwa aiwashe mara moja kwa kadi yenye agizo maalumu, na agizo hilo likachoma alama isiyofutika ndani ya chipu.

Lakini programu ile ya kuita ilikuwa imechongwa ndani ya chipu yenyewe, nayo ilikuwa na kasoro. Mashine iliita mara chache, na isipojibiwa ilikata tamaa. Swichi iliyochelewa kufungua njia ikaikuta imekwisha kunyamaza. Kasoro iliyochongwa katika chipu haisahihishwi kwa barua wala kwa fedha. Dawa ikawa ni kurudi kule kule, kuiweka kadi ndogo yenye faili moja tu. Mashine iliyofuata, ya Machi 2018, ilitoka kiwandani ikiwa imesahihishwa na ikiwa tayari kuita. Kisha mwezi wa Juni 2019 ikaja mashine ya nne, na ajabu ni kwamba siku ilipotoka haikuweza kuita mtandaoni kabisa! Je, walioinunua walipotewa na fedha zao? Hapana. Safari hii watengenezaji walikuwa wameiweka programu dhibiti katika chipu inayoweza kuandikwa upya. Baadaye wakatoa toleo jipya, wenye mashine wakalipakia, na mashine zile zile zikapata sauti.

Twaomba kisa hiki kikumbukwe na kila mjumbe wa kamati ya manunuzi. Mashine ya 2016 ilikuwa na uwezo lakini haikuweza kusahihishwa. Mashine ya 2019 haikuwa na uwezo lakini iliweza kusahihishwa. Mnunuzi mwenye busara hudai yote mawili: uwezo uwepo siku ya kupokea mzigo, na mlango wa kuusahihisha uwe wazi kwa miaka yote ambayo mashine itatumika.

Sasa tuje kwenye faida, maana mfanyakazi ana haki ya kuuliza: mimi nitapata nini? Tuchukue mfano wa chumba cha shule chenye kompyuta 40. Siku ambayo mfumo wahitaji kuwekwa upya, fundi mwenye flashi moja huenda kutoka mashine hadi mashine. Akitumia nusu saa kwa kila moja, hizo ni saa 20, yaani siku mbili na nusu za kazi, na wanafunzi wakae nje. Mwezi ujao virusi vikiingia, aanze tena. Mashine hizo 40 zikiamka kwa mtandao, fundi hurekebisha nakala moja iliyo katika seva, na asubuhi inayofuata kila mashine huamka na nakala hiyo mpya. Uchafu ulioingia jana hauna pa kulala, kwa kuwa mashine yenyewe haiweki kitu. Diski ikifa, kazi haisimami. Mashine ikiibwa, mwizi huondoka na sanduku. Daftari la wanachama, hesabu za ushirika na majina ya wagonjwa hubaki katika seva.

Kuna faida nyingine ambayo sisi twaiona kubwa zaidi kwa nchi zisizotengeneza mashine hizi bali huzinunua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, na mfumo uliofuata wadai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Mashine hizo hazikuvunjika. Kibodi zake zaandika, vioo vyake vyawaka. Lililokoma ni ruhusa ya karatasi. Mradi wa LTSP, ulioanzishwa na Jim McQuillan wa Marekani mwaka 1999, ukaandikwa upya mwaka 2019, umewapa watu dawa ya jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini: seva moja nzuri yenye mfumo huria wa Linux huziamsha kwa waya mashine kuukuu zilizokwisha hukumiwa kufa. Shule yenye seva moja mpya na mashine 30 kuukuu yaweza kufundisha vizuri kama shule yenye mashine 30 mpya, nayo ikatumia sehemu ndogo tu ya fedha. Lakini narudia hapa neno letu la kwanza, sisi sote tulishike: mashine hizo kuukuu zapona kwa sababu tu programu dhibiti yake yajua kuita.

Hapo ndipo twaona ubaya wa mashine za mtumba zinazoshushwa bandarini zikiwa na nywila za wenyewe wa kwanza. Mwalimu hununua, hufurahi, huwasha. Kisha akitaka kubadili mpangilio ili mashine iite mtandaoni, aambiwa atie nywila ambayo haijui na ambayo muuzaji naye hakuipokea. Amenunua nyumba bila ufunguo wa mlango wa ndani. Fundi atamwambia atumie flashi yenye iPXE, ambayo huipa mashine bubu ulimi wa kuazima. Dawa hiyo ni njema kwa mashine ambazo tayari tunazo, nasi hatuwakatazi watu kuitumia, mradi tu hiyo nywila haikufunga njia ya flashi nayo. Lakini gongo hupewa aliyekwisha kuvunjika mguu. Hatuendi dukani kununua mguu uliovunjika ili tupate kutumia gongo.

Tumesikia pia hoja za wapinzani, na si haki kuzipuuza.

Wapo wasemao kwamba seva moja ikizimika, mashine zote 40 hufa pamoja. Ni kweli. Lakini dawa yake si kununua mashine bubu. Dawa ni seva ya pili na betri ya dharura kwa hizo mbili. Kulinda mashine mbili umeme unapokatika ni rahisi kuliko kulinda 40.

Wapo wasemao kwamba njia hii ni ya polepole. Hawa nao wana sehemu ya ukweli, na yafaa hesabu ifanywe hadharani. Itifaki ya TFTP katika umbo lake la asili hutuma vipande vya baiti 512, na kila kipande hungoja jibu kabla ya kingine kwenda. Faili la baiti milioni 51.2 ni vipande 100,000. Kipande na jibu lake vikichukua sehemu moja ya elfu ya sekunde, hizo ni sekunde 100. Tena hesabu ya vipande katika umbo hilo hufika 65,535 tu, yaani baiti milioni 33 na ushei, isipokuwa pande zote mbili zikubali kuanza kuhesabu upya. Ndiyo maana mwaka 1998 ilitolewa nyongeza ya kuruhusu vipande vikubwa zaidi, na ndiyo maana njia ya HTTP ni bora kwa mafaili makubwa. Kuhusu waya wenyewe: mashine 40 zikivuta kwa pamoja faili hilo, jumla ni baiti milioni 2,048. Waya wa seva wa megabiti 100 kwa sekunde utahitaji dakika tatu kasoro robo, hata ukienda kwa nguvu zake zote. Waya wa gigabiti moja utahitaji kama sekunde 16. Hiyo ni hoja ya kununua swichi njema na kumpa seva waya mnene. Si hoja ya kununua mashine bubu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya usalama. DHCP na TFTP ni itifaki za zama za kuaminiana. Mashine inapopiga mbiu humsikiliza atakayejibu kwanza, wala haimwulizi kitambulisho. Mtu mbaya aliyeingia katika waya wetu aweza kujibu kabla ya seva. Januari 2024 kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa ilitangaza makosa tisa, yaliyopewa jina la PixieFail, katika sehemu ya mtandao ya EDK II, programu ambayo watengenezaji wengi wameijengea programu dhibiti zao. Adui aliye katika mtandao huo huo angeweza kuishambulia mashine kabla hata mfumo wake haujaamka.

Je, tukimbie? Sisi twasema la, kwa sababu kisa hicho chathibitisha dai letu badala ya kulivunja. Makosa hayo yalisahihishwa kwa toleo jipya la programu dhibiti. Aliye hatarini ni yule ambaye mtengenezaji wake amemtupa, ambaye miaka miwili baada ya kununua hapati toleo jipya hata akilia. Tena dawa nyingine zipo: njia ya HTTPS, ambayo humthibitisha seva, na uwashaji salama wa UEFI, ambao hukataa faili lisilo na sahihi iliyokubaliwa. Hata hapo si budi tuulize sahihi hiyo ni ya nani. Ikiwa funguo zote zatoka kwa wageni, na mwenye mashine hawezi kuongeza ufunguo wake, basi mlinzi aliye mlangoni ni wa nyumba ya jirani.

Wazee wetu wa Tanzania wana kumbukumbu inayofaa katika shauri hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na katika miaka iliyofuata kazi ya hesabu iliyotiwa ndani yake ilileta matatizo makubwa. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingizwa nchini kwa kompyuta na seti za televisheni, amri ambayo baadaye ililegezwa. Wapo wanaoicheka amri hiyo leo. Sisi hatuidai irudi, lakini hatuicheki. Ilitokana na uchungu wa nchi changa iliyolipia mashine kabla ya kuwa na watu wa kuiamuru. Uchungu huo hauponi kwa kufunga milango, wala hauponi kwa kuifungua ovyo. Hupona kwa mnunuzi kujua anachonunua.

Basi twapendekeza mambo manne kwa kila shule, ushirika, halmashauri na chama cha wafanyakazi. Kwanza, karatasi za zabuni ziandike wazi kwamba programu dhibiti ya kila mashine iweze kuamsha mfumo kwa mtandao, kwa PXE na kwa HTTP, na kwamba mashine nyembamba zisizo na tundu la waya ziletwe pamoja na kiunganishi ambacho programu dhibiti yake inakitambua. Pili, nywila zote za programu dhibiti zikabidhiwe kwa maandishi, na mwenye mashine awe na uwezo wa kuweka funguo zake mwenyewe. Tatu, muuzaji ataje ni kwa miaka mingapi matoleo ya usahihisho yatapatikana, na neno lake litiwe katika mkataba. Nne, fundi wa mahali pale afundishwe kuiendesha seva, ili tusiuondoe utumwa wa flashi na kuweka utumwa wa mtaalamu anayekuja kutoka mjini kila anapopigiwa simu.

Hayo yote yaweza kuonekana mengi kwa mjumbe wa kamati aliye kijijini na asiye na shahada ya kompyuta. Kwake tuna shauri moja jepesi. Siku mzigo utakapofika, kabla hajatia sahihi, achague sanduku moja yeye mwenyewe, asimwache muuzaji amchagulie. Aagize diski itolewe, waya uchomekwe, na mashine iwashwe mbele ya kamati nzima. Ikiita na kuitikiwa, atie sahihi. Ikinyamaza, mzigo urudi ulikotoka.